Baridi ya mwezi wa sita Lubumbashi: funga nyumba yako, lakini mbabula ibakie inje

Mvua ikisha kukatika, wakaaji wa Lubumbashi wanajua chenye kinafuata. Mwezi wa tano upepo unaanza kupuliza na vumbi nyekundu inapanda. Mwezi wa sita na wa saba ikifika, usiku joto inashuka mara mingi chini ya digri 10. Asubuhi watoto wa masomo wanatembea mikono mu mifuko, na mama mwenye kuuza mikate anajifunika kitenge juu ya kitenge. Ku areti ya bisi, pumzi ya watu inatoka mu kinywa sawa moshi ya tumbako.

Na kila mwaka, mu malupango ya Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na kwingine, kuna jambo moja yenye inarudia. Watu wanapika bukari inje. Wakimaliza kula, makala ingali nyekundu ndani ya mbabula, na ni hasara kuiacha izimike bule. Basi wanaiingiza mu chumba ya kulala, wanafunga mulango na dirisha, wanalala. Siku zingine wanaamuka na kichwa yenye kuuma. Siku zingine hawaamuki.

Watu wakikuta familia imekufa namna ile, bila kidonda, bila damu, mulango ingali imefungwa kwa ndani, maneno inaanza: sumu, ulozi, deni ya zamani. Mara mingi jibu iko palepale katikati ya chumba, ndani ya mbabula yenye imebakia majivu.

Nyumba inaweza kulinda joto bila moto ya usiku. Lakini kwanza inafaa kujua baridi inaingilia wapi.

Juu ya nini muchana ni joto na usiku ni baridi?

Lubumbashi iko juu, zaidi ya metre 1,200 kutoka usawa wa bahari. Pahali pa juu hewa ni nyepesi na inapoteza joto haraka. Tena, wakati wa kiangazi mbingu inakuwa wazi, bila mawingu. Mawingu ni sawa bulangeti ya udongo: usiku inazuia joto yenye udongo ilikusanya muchana isipande yote. Bila mawingu, joto inaenda zake. Njo maana saa nane ya muchana mutu anavaa shati tu, na saa kumi ya usiku anatetemeka.

Nyumba iko vilevile. Muchana inakusanya joto, usiku inaipoteza. Swali si kutafuta moto tu. Swali ya kwanza ni hii: joto yenye nyumba ilipata muchana inatorokea wapi?

Njia tatu zenye joto inapita

Njia ya kwanza ni mabati. Joto inapanda juu, na bati ni chuma chembamba. Usiku inapoa haraka kuliko kitu chochote mu nyumba, na inavuta joto ya chumba. Nyumba yenye haina plafo ni sawa chungu yenye haina kifuniko.

Njia ya pili ni matundu: chini ya mulango, pembeni ya dirisha, pahali kioo ilivunjika, na ile nafasi katikati ya ukuta na mabati. Kila tundu inaonekana ndogo. Lakini kama ukichukua tundu zote za chumba moja na kuziweka pamoja, mara mingi unapata kitu sawa dirisha yenye imebakia wazi usiku muzima.

Njia ya tatu ni chini. Simenti inakunywa joto ya mwili. Mutu mwenye kulala ku matela nyembamba juu ya simenti anaweza kujifunika mabulangeti mawili na angali anasikia baridi, juu baridi inatoka chini na si juu.

Ukuta nao iko na kazi yake. Nyumba nyingi za huku zinajengwa na matofari ya udongo, hata udongo ya kichuguu. Ukuta munene ya namna ile inakusanya jua muchana na kuirudisha polepole usiku. Kibanda ya mabati hailindi kitu: jua ikishuka, joto nayo imeenda.

Jua ni ya bule

Mwezi wa sita, hapa kwetu jua inapita upande wa kaskazini. Dirisha yenye inaangalia kaskazini njo yenye inaingiza jua mingi. Kuanzia saa tatu ya asubuhi, vuteni marido, fungueni dirisha, acheni jua ipige ku sakafu na ku ukuta. Tosheni matela na mabulangeti inje, muyaanike. Bulangeti yenye imekauka muzuri inashika joto kuliko ile yenye iko na unyevu.

Kosa yenye familia nyingi wanafanya ni kungoja giza kusudi wafunge. Baridi inaanza kuingia mbele ya jua kuzama. Saa kumi ao kumi na moja, chumba ingali na joto, njo saa ya kufunga dirisha na kushusha marido. Mwenye kufunga saa mbili ya usiku anafungia baridi ndani.

Kufunga matundu bila kumaliza feza

Wapangaji wengi wanasema: nyumba si yangu, nimesha kulipa garanti, juu ya nini nitengeneze nyumba ya mutu? Ni kweli. Plafo ya tripleksi ni kazi ya mwenye nyumba, na inafaa kumuomba mbele ya baridi kufika. Lakini kuna kazi zenye mupangaji anaweza kufanya yeye mwenyewe, na zenye atabeba siku akihama.

Chini ya mulango: chukueni muguu ya pantalo ya zamani, muijaze muchanga ao unga ya mbao ya kwa seremala, mushone pande mbili. Usiku inalazwa chini ya mulango, asubuhi inatoshwa.

Ku dirisha: kioo yenye ilivunjika inaweza kufungwa na karto ngumu na sashe ya nailoni kwa inje. Mipasuko ya pembeni inajazwa na udongo yenye imechanganywa na maji na majani makavu. Rido nzito ao bulangeti ya zamani mbele ya dirisha inasaidia pia, juu hewa yenye inabakia katikati ya kioo na kitambaa inakuwa sawa ukuta ya pili.

Juu: kama hakuna plafo, magunia yenye kushonwa pamoja, mikeka ao kitambaa nzito inaweza kutandikwa chini ya mbao za mabati. Kazi ya ile kitambaa ni kushika hewa katikati yake na bati. Lakini angalisho: kitambaa na magunia inashika moto. Visiguse waya, visiguse lampe, na mushumaa usiwashwe chini yake hata kidogo.

Chini ya matela: kwanza karto, tena mukeka, kiisha matela. Karto tatu ao ine za duka zenye kufunguliwa na kupangwa moja juu ya ingine, zinaweza kusaidia kuliko bulangeti mupya. Karto za unyevu zibadilishwe.

Ku mwili pia ni vile: nguo tatu nyepesi moja juu ya ingine zinashinda nguo moja nzito, juu hewa inabakia katikati. Masoksi makavu na kofia ya kulala ni vitu vidogo vyenye vinasaidia watoto na wazee sana. Kwa mutoto muchanga, kichwa ifunikwe na kofia tu. Bulangeti isifike ku uso.

Nyumba yenye imefungwa na moto ya makala haviendi pamoja

Hapa njo pahali pa hatari. Kila kitu chenye kimeelezwa juu kinafunga nyumba. Na nyumba ikifungwa muzuri, mbabula ndani yake inakuwa muuaji zaidi. Familia inafaa kuchagua: ni kufunga nyumba, ao ni moto. Vyote viwili pamoja, hapana.

Makala ikiwaka pahali pa hewa mingi, inatosha gazi yenye haisumbui sana. Lakini ikiwaka polepole, na hewa kidogo, inatosha gazi ingine yenye inaitwa monoksidi ya kaboni. Ile gazi haina rangi, haina harufu, haipigi ku macho wala haikohozeshi. Kuni zinatosha moshi, na moshi inafukuza watu. Lakini makala ilisha kupoteza moshi yake kule mu pori, wakati wa kuichoma. Njo maana ikikuwa nyekundu muzuri, bila moshi, watu wanasema sasa ni safi, tunaweza kuiingiza. Kumbe ile saa njo inaendelea kutosha gazi bila mutu kuona.

Mutu akipumua ile gazi, inaingia mu damu. Kazi ya damu ni kubeba oksijeni na kuipeleka ku ubongo, ku moyo, mu mwili muzima. Monoksidi ya kaboni inajishika ku damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi inakamata nafasi ya oksijeni. Mutu anaendelea kupumua, kifua inapanda na kushuka, lakini mwili inakosa hewa kwa ndani. Kama analala, usingizi unazidi kuwa nzito. Hasikii kitu chenye kingemuamusha.

Watoto wadogo wanapumua haraka kuliko watu wakubwa, wanaguswa mbele. Mama mwenye mimba anaweza kuamuka na kupona, lakini mutoto wa mu tumbo akakuwa ameumia. Wazee na wagonjwa wa moyo ao wa kukosa damu wako pia mu hatari kubwa.

Mambo yenye watu wanaamini, na yenye haiko kweli

"Tunaweka sahani ya maji pembeni ya mbabula." Maji haikamati ile gazi. Inaweza kupunguza ukavu ya hewa, lakini hailindi mutu.

"Tunafunika makala na majivu." Majivu inafanya makala iwake polepole na kwa hewa kidogo, na vile njo gazi inatokea. Makala ya chini ya majivu ingali inatosha sumu saa mingi.

"Tunaacha dirisha wazi kidogo." Hakuna mutu anaweza kupima kwa macho kama hewa inatosha. Upepo ukibadilika ao mutoto akifunga dirisha juu ya baridi, kinga imeisha. Tena, kwa joto, ni kazi ya bule: mbabula inapasha, dirisha inaitosha.

"Tumefanya hivi miaka na hatujakufa." Inaweza kuwa kweli, juu nyumba ilikuwa na matundu mingi. Siku watahamia nyumba ya vioo vizuri na plafo, mbabula ni ile ile, lakini hewa si ile ile.

Dalili, na kitu cha kufanya

Dalili za kwanza zinafanana na malaria ao uchovu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kukosa nguvu, usingizi wa ajabu, akili kuchanganyika. Alama yenye inapaswa kufungua macho ni hii: watu wawili ao watatu wa chumba moja wanaumwa kichwa saa moja, na wakitoka inje wanasikia afazali.

Kama mutu anakuta wenzake wamelala na hawaitike, na mbabula iko ndani, afungue mulango na madirisha haraka na kuwatosha inje ku hewa. Asikawie ndani kwa kutafuta vitu. Wenye kuingia kusaidia nao wameanguka mara zingine. Mbabula inatoshwa ao kuzimwa kiisha watu kutoka, si mbele. Mwenye hana ufahamu alazwe kwa ubavu, asipewe maziwa, mafuta wala kitu chochote mu kinywa. Kiisha apelekwe hospitali, na muganga aambiwe wazi: walilala na makala. Neno lile moja linabadilisha matunzo, juu dawa ya kwanza ni oksijeni, si kinini.

Hata mwenye ameamuka na anasema anasikia muzuri, aende kuangaliwa. Kuna wenye wanapona, kiisha siku ao juma kadhaa wanaanza kusahausahau ao kubadilika tabia, juu ubongo ilikosa hewa.

Na umeme?

Mwenye kuwa na kurant anafikiri amepona. Mara mingi anawasha resho usiku kucha kusudi ipashe chumba. Resho haitoshi ile gazi, ni kweli. Lakini iko na hatari zake: waya inawaka nyekundu pembeni ya bulangeti, prize inayeyuka, mutoto anakanyaga. Tena, lupango nzima ikiwasha resho saa moja ya mangaribi, kabine inabeba muzigo yenye haiwezi, na kartie nzima inaingia mu giza. Umeme ya Katanga inatoka ku mitambo ya hapa, sawa Mwadingusha na Koni ku muto Lufira, na ingine inatoka Inga, mbali karibu kilometre 1,700 kwa waya mpaka Kolwezi. Migodi nayo inangojea ile ile. Delestaje si jambo ya kustaajabia.

Kuna hesabu moja rahisi. Resho ya wati 1,000 yenye kuwaka saa tano inakula kilowati-saa tano. Kuchemusha litre mbili za maji na biriki ya umeme haifiki robo ya kilowati-saa moja. Ni kusema, na umeme ya resho ya usiku moja, mutu anaweza kuchemusha maji ya usiku makumi mbili. Na maji ya moto iko na kitu kimoja chenye resho haina: inaingia mu kitanda pamoja na mutu, hata kama kurant imekatika.

Moto ibakie inje, joto iingie ndani

Hii njo njia yenye inafaa hata mwenye hana kurant. Bukari ikisha kuiva na makala ingali nyekundu, isiingizwe mu nyumba. Wekeni juu yake sufuria ya maji, palepale inje. Yale maji njo yataingiza joto ya makala ndani, bila gazi.

Maji ikichemuka, sehemu moja inaingia mu termosi, kwa chai ya usiku ao kwa mutoto. Sehemu ingine inangojewa ipoe kidogo, kiisha inaingizwa mu chupa ya mupira ya maji ya moto ao mu kibidoni kigumu. Chupa nyepesi ya maji ya duka haifai: inajikunja na inaweza kupasuka. Kibidoni kinafungwa sana, kinageuzwa kichwa chini kwa kuangalia kama hakivuji, kinafungiwa mu kitambaa, kinawekwa mu kitanda nusu saa mbele ya kulala, upande wa miguu. Kwa mutoto muchanga, kinapasha kitanda, kiisha kinatoshwa mbele ya kumulaza, juu ngozi yake inaungua upesi.

Kufanya hivi kunapunguza makala pia, na ile si jambo ndogo. Mu tanuru ya udongo yenye watu wanatumia mu pori, kilo moja ya makala inaomba kilo 5 mpaka 10 za miti, na mara ingine zaidi. Pori ya miombo yenye ilikuwa karibu na muji inaenda mbali kila mwaka; wenye kubeba magunia ku kinga ku barabara ya Kasenga ao ya Likasi wanajua kuliko mutu yeyote namna safari imekuwa murefu. Na gunia ikitoka mbali, bei inafuata. Makala ya kupasha chumba usiku kucha ni makala yenye ingepika chakula cha kesho.

Baridi ya Lubumbashi haidumu. Mwezi wa nane ukiisha, joto inarudi, na mwezi wa tisa watu watalalamika juu ya jua. Ni miezi michache ya kuvumilia. Mwaka huu, mangaribi mbele ya kufunga mulango, mutu moja mu kila nyumba apewe kazi ya kuuliza swali moja: mbabula iko wapi? Kama jibu ni "inje", watu walale. Kama jibu ingine, mulango usifungwe kwanza.